Tanzania Legion: Shoka la wazee wa Keya na hesabu ya majina kutoka Mwanza hadi Misungwi

KILA ifikapo Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa husimama kimya kwa dakika chache mbele ya mnara. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na meya wa jiji huweka upinde na mishale.

Baada ya hao husogea mzee mmoja, kifua chake kikiwa na nishani ambazo vijana wengi hawazitambui, naye huweka shoka. Mzee huyo huwa amekuja kwa niaba ya Tanzania Legion and Clubs, chama cha wapiganaji wa zamani ambacho kimebeba kumbukumbu za askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita Keya.

Wananchi wengi wa mijini hukiona chama hicho mara moja tu kwa mwaka, katika picha za gwaride. Lakini kazi yake halisi haifanyiki kwenye viwanja vya sherehe. Hufanyika matawini na vijijini, katika maeneo kama Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, ambako swali kubwa limekuwa lile lile kwa zaidi ya karne moja: nani alipigana, na nani anaweza kuthibitisha?

Chimbuko la Legion

Vyama vya aina hii vilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mamilioni ya askari walirejea makwao wakiwa vilema, wagonjwa au bila kazi, na serikali zilizowatuma vitani hazikuwa na mpango wa kutosha wa kuwatunza.

Mei 1921, vyama kadhaa vya askari wa zamani nchini Uingereza viliungana na kuunda British Legion. Mapema mwaka huo huo, mjini Cape Town, Afrika Kusini, kulianzishwa jumuiya ya vyama vya askari wa zamani wa himaya yote, iliyoitwa British Empire Service League. Jemadari Haig, aliyekuwa ameongoza majeshi ya Uingereza nchini Ufaransa, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuisimamisha.

Jumuiya hiyo ilibadili jina kadiri himaya ilivyobadilika kuwa Jumuiya ya Madola. Tangu mwaka 2003 inaitwa Royal Commonwealth Ex-Services League. Yenyewe haina matawi ya vijijini. Hufanya kazi kupitia chama mwanachama katika kila nchi, na kwa Tanzania chama hicho ni Tanzania Legion and Clubs. Nchini Kenya shughuli za namna hiyo zimekuwa mikononi mwa chama cha askari wa zamani kinachofahamika kwa kifupi kama DEFOCA.

Masharti ya msingi ya kupata msaada wa jumuiya hiyo ni mepesi kuyasema lakini magumu kuyatimiza. Mwombaji awe alitumikia majeshi ya Mfalme au Malkia wa Uingereza kabla ya nchi yake kupata uhuru, au awe mjane wa mtu wa namna hiyo, na awe mhitaji. Uhitaji huonekana kwa macho. Utumishi ndio unaohitaji ushahidi.

Vita vilipofika ziwani

Kanda ya Ziwa iliijua vita mapema. Mwaka 1914 Mwanza ilikuwa bandari na boma la Wajerumani. Julai 1916 kikosi cha Waingereza kilichoitwa Lake Force, chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe, kilivuka ziwa, kikatua mashariki ya mji, na Julai 14 kikauteka mji wa Mwanza.

Wajerumani hawakusalimu amri. Baadhi walikimbia kwa vyombo vya majini kuelekea kusini kupitia Ghuba ya Mwanza, ambayo ufuko wake wa mashariki leo ni sehemu ya Wilaya ya Misungwi. Wengine walishika njia ya Tabora. Waingereza waliwafuata kwa njia hiyo hiyo kupitia Shinyanga, lakini Wabelgiji waliotokea Kongo ndio waliotangulia kuingia Tabora, Septemba 19 mwaka 1916.

Kwa wanavijiji wa njia hiyo, vita havikuwa jambo la bendera. Vilikuwa jambo la chakula, ng'ombe na mabega ya watu. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi, kwa kuwa malori yalikuwa haba na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Makadirio yanayokubalika na wanahistoria wengi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 waliokuwa upande wa Waingereza walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi.

Jijini Dar es Salaam kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya jiji huwakumbuka pamoja na wapiganaji. Lakini sanamu haina majina.

Ufagio badala ya bunduki

Tukio linaloeleza vizuri zaidi shida ya ushahidi lilitokea Mwanza kwenyewe, mwaka 1964.

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa kamanda wa Wajerumani, alifariki dunia Machi mwaka huo. Askari wake Waafrika walikuwa wameweka silaha chini Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Wengi walipewa hati tu, kuwa ushahidi wa deni. Miaka 46 baadaye, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa waliosalia.

Kwa mujibu wa simulizi iliyoandikwa na Charles Miller katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, dirisha la muda la malipo lilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa bado na hati zao za mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi hawakuwa na chochote.

Ofisa wa benki aliyepeleka fedha hizo akapata wazo. Kila mzee aliyekuja alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya silaha. Simulizi hiyo inasema hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Hata hivyo kina uchungu ndani yake. Mtu aliyetoa ujana wake vitani alilazimika kushika ufagio mbele ya mgeni ili aaminiwe. Na waliokuwa wagonjwa mno kusafiri hadi Mwanza, au waliokwisha kufa wakaacha wajane, hawakuwa na ufagio wa kushika.

Kizazi cha Burma

Kundi lililoipa Tanzania Legion wanachama wengi zaidi ni la Vita Kuu ya Pili. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini kati ya mwaka 1939 na 1945. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa waliohesabiwa kuwa askari wazuri, na Usukuma ikawa eneo kubwa la kuandikisha watu.

Uandikishaji ulipitia kwa watemi. Maeneo ambayo leo yanaunda Wilaya ya Misungwi yalikuwa chini ya himaya za jadi kama Usmao, Bukumbi na Mbarika. Mtemi alitakiwa kutoa vijana, na wapo waliokwenda kwa hiari wakifuata mshahara, na wapo waliokwenda kwa kulazimishwa. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilikuwa ndiyo njia ya kuelekea Tabora na pwani.

Askari hao walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitaliano, kisha Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya masika, matope na malaria, na Desemba ikauvuka mto Chindwin pale Kalewa.

Si wote waliofika. Februari 12 mwaka 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyowabeba askari na wauguzi kutoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walirudi na mambo mawili. La kwanza lilikuwa upeo mpya. Walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa na akifa, na walikuwa wamekaa India katika miaka ya mwisho ya harakati za uhuru wake. Ndugu wawili wa Dar es Salaam, Abdulwahid na Ally Sykes, wote askari wa Burma, baadaye walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Baba yao, Kleist Sykes, alikuwa amelitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya kwanza, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929.

La pili lilikuwa hisia ya kupunjwa. Bakshishi iliyotolewa askari walipoachishwa kazi ilipangwa kwa rangi. Uchunguzi uliotangazwa na Al Jazeera Februari 2019, ukitumia nyaraka za wakati huo, ulionyesha kuwa askari Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika wa cheo kile kile.

Kwa kijana wa Usukuma, fedha hizo ziliishia katika mahari, ng'ombe wachache au mtaji mdogo wa duka. Hakukuwa na pensheni ya uzeeni. Aliyepata kilema angeweza kufikiriwa. Aliyerudi mzima alihesabiwa kuwa amekwisha kulipwa.

Kutoka Colito hadi Lugalo

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, vikosi vya Keya vya Tanganyika vikawa Tanganyika Rifles. Januari 20 mwaka 1964 askari wa kambi ya Colito, jijini Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Kambi hiyo ilikuwa imepewa jina la mapigano ya Colito nchini Ethiopia, ya Mei 1941, ambako Keya walijipatia sifa kubwa. Uasi ulizimwa Januari 25 kwa msaada wa makomando wa Uingereza.

Serikali ilivunja jeshi hilo na kuanza upya. Septemba 1 mwaka huo ikaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Colito ikaitwa Lugalo, kukumbuka mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kwa taifa changa. Lakini yaliwaacha wazee wa Keya mahali pagumu. Jeshi jipya halikuwa lao. Mfalme waliyemtumikia alikuwa wa nchi nyingine. Utawala wa watemi waliowaandikisha ulikuwa umefutwa mwaka 1963, na pamoja nao wakaondoka mashahidi ambao wangeweza kusema, huyu nilimtoa mimi mwenyewe. Miaka kumi baadaye ikaja operesheni ya vijiji, kaya zikahamishwa, na haikuwa ajabu kwa karatasi iliyofichwa kwenye paa la nyasi kupotea njiani.

Ndipo chama kikawa na umuhimu. Kwa mzee asiye na jeshi, asiye na mtemi na asiye na karatasi, tawi la Legion lilikuwa mahali pekee ambapo wapo wengine waliojua namba ya kikosi chake, jina la kamanda wake na wimbo wa safari yao.

Tawi hufanya nini?

Kazi ya chama cha aina hii ngazi ya chini si kubwa kwa kuitazama. Kwanza ni kutambua wahusika. Hati ya kuachishwa jeshi ndiyo ushahidi bora, kwa kuwa huonyesha namba ya askari, kikosi na tarehe za utumishi. Nishani husaidia, hasa zile za vita zenye utepe unaotambulika kama Burma Star. Pasipo vyote viwili, hubaki maelezo ya mzee mwenyewe na ya wenzake.

Pili ni kufikisha msaada. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa miaka mitano wenye thamani ya takriban pauni milioni 12, kupitia Royal Commonwealth Ex-Services League, ili maelfu ya askari wa zamani na wajane katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate walau milo miwili kwa siku. Kiwango hicho kilitosha kueleza hali ya wahusika: zaidi ya miaka 70 baada ya vita, lengo lilikuwa chakula.

Tatu ni kuzika na kukumbuka. Kila Novemba, katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam kando ya Barabara ya Bagamoyo, wazee na wanadiplomasia hukusanyika kuwakumbuka waliokufa. Huko Usukuma kumbukumbu ilichukua njia nyingine, ya nyimbo. Mtafiti Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi jamii hiyo ilivyohifadhi historia yake, ikiwamo ya wapagazi, katika ngoma na kilimo cha pamoja. Pale ambapo hakuna daftari, wimbo umekuwa daftari.

Misungwi na vita vya pili

Misungwi ilipata hadhi ya wilaya mwaka 1995, ilipomegwa kutoka Kwimba. Sensa ya mwaka 2012 iliipa watu zaidi ya 351,000, wengi wao wakulima, wafugaji na wavuvi. Wasafiri huijua kwa barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga, kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, na kwa Kigongo, mahali ambapo kivuko cha kwenda Busisi kilipisha daraja kubwa lililofunguliwa Juni 2025.

Kwa wazee wengi wa wilaya hiyo, neno vita halimaanishi Burma. Linamaanisha Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 2 Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa vita. Jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 lilipanuka hadi kuvuka 100,000, sehemu kubwa ikiwa ni mgambo waliotoka vijijini. Kampala ilianguka Aprili 11 mwaka 1979.

Mwanza yenyewe iliguswa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ililenga maghala ya mafuta ya mji huo, ikakosea shabaha na kuangusha mabomu katika kisiwa cha Saanane, ambako waliouawa walikuwa wanyama wa hifadhi.

Wapiganaji wa Kagera si wa Mfalme, hivyo hawamo katika masharti ya jumuiya ya London. Wao ni wa taifa. Waliostaafu jeshini wana chombo chao, Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA. Lakini mgambo aliyeitwa shambani, akapigana na kurudi shambani, yuko karibu zaidi na yule mpagazi wa mwaka 1916 kuliko na mstaafu mwenye kitabu cha pensheni. Suala la stahili za waliopigana vita hivyo limeulizwa bungeni mara kadhaa, na mara nyingi hurudi pale pale: kumbukumbu ziko wapi?

Hesabu inayobaki

Muda wa kizazi cha Burma unakwisha. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Wadogo zaidi katika kundi la Keya, walioingia jeshini kuelekea uhuru, nao wamepita miaka 80. Wanaobaki kwa wingi ni wajane, na mjane hawezi kufanyishwa gwaride la ufagio. Ushahidi wake ni karatasi ya mumewe au neno la jirani.

Dunia nayo imeanza kukiri gharama ya kutoandika. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyosema kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilikuja wakati hakuna hata mmoja wa wahusika aliyekuwa hai kuisikia.

Hilo ndilo funzo ambalo historia ya Tanzania Legion inaliachia taifa. Deni la askari haliishi kwa kukosa fedha peke yake. Huisha pia kwa kukosa jina. Wajerumani walilipa baada ya miaka 46, nao walilipa kwa kuwa wazee walikuwapo na mikono yao ilikuwa bado inakumbuka.

Kwa wilaya kama Misungwi, kazi iliyobaki haihitaji mnara. Inahitaji daftari katika ofisi ya kijiji, lenye jina la mzee, kikosi chake, mwaka aliotoka na mwaka aliorudi, likiandikwa yeye mwenyewe akiwa bado anaweza kujibu. Wapiganaji wa Kagera waliokuwa na miaka 20 mwaka 1979 wamepita miaka 65. Shoka linalowekwa mnarani kila Julai litahitaji mikono mingine ya kulibeba, na mikono hiyo ni yao.